Robo ya Nyama na Kipande cha Tofu



Mapishi tunayowaletea wiki hii hayakuzaliwa Pwani, wala hatutajifanya kwamba bibi zetu waliyajua. Tumejifunza huku Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, ambako sisi wawili tuliolewa na ndugu wawili na ambako tunaishi katika nyumba moja yenye jiko moja. Watu wa Pwani si wageni wa mitaa hii. Majengo ya Pumwani yalianza mapema katika miaka ya 1920, na waliojenga humo walijenga kama walivyozoea kwao: nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Kwa hiyo msitudhanie tumepotea. Biriani bado tunaipika, na mahamri yetu bado yanaumuka asubuhi ya Ijumaa. Ila ziko siku za mwezi ambazo biriani haitajwi.

Siku hizo huanza kama tarehe 20 na huisha mshahara unapoingia. Huwa tunashuka Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, kununua robo kilo ya nyama ya ng'ombe. Mkekani tuko wanane. Robo kilo kwa watu wanane ni vinofu viwili kwa kila mtu, vya ukubwa wa kidole gumba, tena ikiwa mchinjaji hakutupimia mfupa. Mtoto wetu wa mwisho ana tabia ya kuhesabu vinofu vya wenziwe kabla ya kusema bismillahi. Na kila jioni ya namna hiyo mmoja wetu sisi wanawake husema hana hamu ya nyama leo, amekwisha kushiba kwa kuonja. Hatujui mwanamke wa mtaa huu ambaye hajawahi kuusema uongo huo mdogo. Tunautaja kwa sababu ndio uliotuzoesha, na baadaye tukasema mkubwa zaidi.

Jirani yetu mmoja ni mpishi katika nyumba ya watu upande wa pili wa mji. Siku moja alirudi na kipande cheupe kilichoelea ndani ya mfuko wa maji, laini kama jibini changa, kisicho na harufu wala ladha ya kutajika. Akatuambia kinaitwa tofu, kinatokana na soya, na mabibi anaowapikia hukila badala ya nyama. Watoto walipokiona, mraba na pembe zake nne, wakakiita tofali. Sisi hatukuona tofali. Tuliona robo kilo ya nyama ikigeuka kuwa robo tatu.

Tuliikata vipande sawa na vya nyama, tukaichanganya nayo, tukaizamisha katika mchuzi mzito wa nyanya na pilipili hata rangi zikawa moja, na hatukumwambia mtu. Wakati huo mama mkwe wetu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alitafuna, akatua, akatafuna tena, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, hiki ni kinofu cha mnyama gani?" Mmoja wetu, hatutasema yupi, akajibu upesi, "Ni ubongo wa mbuzi, mama." Mama akanyamaza, akamaliza sahani yake, akamshukuru Mungu.

Kesho yake yule mtoto wa kuhesabu vinofu akamwambia bibi yake kwamba jana wote walikula tofali.

Hakugomba. Laiti angaligomba ingalikuwa nafuu. Alituita chumbani, akatukalisha kitandani kama wasichana, akasema, "Mimi sijaogopa chakula tangu nizaliwe. Nimekula papa mkavu mgumu kama gome, nimekula muhogo bila kitoweo mwezi mzima. Lakini kila nilichokula, aliyenipa aliniambia ni nini. Hapa kwenu siulizi nyama imechinjwa na nani, kwa sababu naila kwa imani yenu. Mkinidanganya kwa kitu cha halali, nitajuaje siku mtakayodanganywa nyinyi kwa kisicho halali, mkanipa?"

Tulijaribu kujitetea. Tukamkumbusha wosia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji na awakumbuke jirani zake; tukasema nasi tumezidisha tu. Akatujibu kwamba Abu Dharr aliambiwa azidishe maji, hakuambiwa ayaite maji nyama. Hapo tukaomba radhi, naye akatoa, lakini kwa sharti: hicho kitu chenu, akasema, nataka kukiona kinavyotengenezwa, tangu punje.

Basi tukaenda Nyamakima, kule katikati ya mji kwenye maduka ya nafaka. Jina la mahali lilimchekesha mama: tumetoka nyumbani kwenda kutafuta badala ya nyama, tukaelekezwa mahali panapoitwa kwa jina la nyama ya kusaga. Tulinunua nusu kilo ya soya kavu, punje za manjano zilizo mviringo. Chagueni zisizo na tundu la mdudu. Tuliziosha na kuziloweka usiku kucha katika maji mengi, kwani huvimba zaidi ya maradufu, na asubuhi tukazisaga kwa blenda kidogo kidogo pamoja na maji. Nusu kilo ya soya kavu tunaitilia maji yapatayo lita 4 kwa jumla, ya kusagia na ya kuchujia.

Ni hapo mama alipokunja mikono ya gauni lake. Uji mweupe ulipomiminwa, aliutazama akasema, "Hili ni tui." Na kwa hakika lilikuwa kama tui. Alichokuwa akikifanya miaka yote kwa nazi ndicho kilichotakiwa hapa: kuchuja, kukamua, kutia maji tena juu ya machicha na kukamua mara ya pili. Akaagiza kifumbu chake kutoka kwenye sanduku, kwani hasafiri bila hicho, akachujia humo kwanza, kisha akapitisha katika kitambaa cha bafta, maana soya ni laini kuliko nazi na ukili peke yake huacha unga upite. Sisi tuliojidai kumfundisha tukabaki kumshikia sufuria.

Maziwa hayo ya soya hayanywewi mabichi. Soya isiyoiva ina viini vinavyolizuia tumbo kuivunja protini, na moto ndio unaoviharibu. Anayeyaonja kabla ya kuchemka hujuta usiku. Tumieni sufuria kubwa, isijazwe zaidi ya nusu, kwa kuwa povu lake hupanda ghafla kuliko la maziwa ya ng'ombe, na mwiko usiondoke chini, maana hushika. Yakishachemka, punguzeni moto yaive kwa dakika 10. Kisha epueni, yaacheni yapoe kwa dakika 5, na hapo ndipo yagandishwe.

Sisi tunagandisha kwa ndimu. Kamueni nusu kikombe cha maji ya ndimu, muyazimue kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, mmimine kwa awamu tatu huku mkikoroga mara moja tu, taratibu, kila awamu. Siki nayo hufanya kazi hiyo hiyo, ila harufu yake hukaa. Funikeni dakika 15. Mkifunua mtaona mabonge meupe yanaelea katika maji ya manjano yaliyo safi; ikiwa maji bado ni meupe, ongezeni ndimu kijiko kimoja kimoja. Mama alipofunua alisema "Subhanallah" kwa sauti ya mtu aliyeona kitu alichokuwa akikijua kikivaa nguo nyingine.

Yachoteni mabonge mkayatie katika chujio lililotandikwa bafta, mkunje kitambaa juu, muweke sahani na juu yake uzito. Kwetu ni kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Nusu saa hutoa tofu laini, saa moja na nusu hutoa iliyoshikamana, na kwa kukaanga tunaitaka hiyo ya pili. Nusu kilo ya soya hutupa zaidi ya nusu kilo ya tofu. Ikiwa mna friji, iwekeni katika maji safi yanayobadilishwa kila siku, na isizidi siku tatu. Msio na friji, pikeni siku hiyo hiyo. Wenye kuinunua tayari katika maduka makubwa wamepunguziwa kazi, lakini wamepunguziwa pesa pia.

Sasa tuje kwenye kikaango, maana huko ndiko tulikokosea mara ya kwanza. Tulidhani kazi ya tofu ni kujificha. Tukaikata kama nyama, tukaipaka rangi ya nyama, na matokeo yake yalikuwa kitu kisicho nyama wala tofu, kikivunjikavunjika katika mchuzi. Tofu ina uzuri wake, nao ni mmoja: hunywa. Chochote kitakachochemka karibu nayo itakinywa na kukirudisha mdomoni. Kwa hiyo haihitaji kufanana na nyama. Inahitaji kukaa chini ya nyama iliyotoa mafuta na ladha yake, kama mkate unavyokaa chini ya mchuzi.

Kwa watu wanane tunatumia robo kilo ya nyama isiyo na mfupa na nusu kilo ya tofu, vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva, punje tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole, vyote viwili vimetwangwa. Nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na kiasi hicho hicho cha bizari nzima, pilipili hoho moja, robo kikombe ya maji mazito ya ukwaju, chumvi, mafuta na fungu la dania.

Nyama iwekeni katika sehemu ya kugandisha ya friji kwa nusu saa hadi iwe ngumu kidogo, ndipo kisu kitaweza kuikata nyembamba kama jani, kwa kukingamisha nyuzi zake. Hii ndiyo siri ya robo kilo: vinofu kumi na sita vya ukubwa wa kidole huhesabika, bali vijani arobaini vya nyama hakuna mtoto mwenye subira ya kuvihesabu. Asiye na friji na awe na kisu kikali, au amwombe mchinjaji. Ipakeni tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari. Chumvi iacheni kwanza.

Tofu ikateni vipande bapa, vipana kama kiganja cha mtoto na vyenye unene wa kidole. Vitieni katika maji ya moto yenye chumvi kwa dakika 10. Chumvi huingia ndani na, ajabu yake, maji ya ziada hutoka. Kisha vikausheni kwa kitambaa hadi visiache unyevu mkononi, kwa sababu tofu yenye maji ikikutana na mafuta ya moto huruka, na mmoja wetu bado ana alama kwenye kifundo cha mkono. Tieni vijiko vitatu vya mafuta katika kikaango cha chuma kilichokwisha kupata moto, vipangeni visigusane, muviache. Kikikwama msikibandue kwa nguvu: kikishaiva upande wa chini kitajiachia chenyewe. Vikiwa na rangi ya dhahabu pande zote mbili, vitoeni.

Katika mafuta hayo hayo, moto ukiwa mkali, kaangeni nyama kwa mafungu mawili. Mkiitia yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha mtakuwa mmeikosa. Dakika mbili kila fungu zatosha. Itoeni. Tieni vitunguu maji, mvikaange hata viwe rangi ya asali, kisha nyanya na hoho, mpaka nyanya zivunjike na mafuta yaelee. Mimineni ukwaju na nusu kikombe ya maji, rudisheni nyama, tieni chumvi. Nyama ikiwa ngumu, kama ilivyo mara nyingi huku, ifunikeni iive kwa moto mdogo dakika 20 na muongeze maji kidogo. Mwisho pangeni tofu, vipande vizima, vionekane. Vichoteeni mchuzi juu, funikeni dakika 10, mnyunyize dania.

Wako watakaouliza habari ya sosi ya soya, maana mapishi ya tofu yanayotoka Mashariki ya mbali hayatajwi bila hiyo. Wajapani wana chakula kinachofanana sana na hiki chetu, wanakiita nikudofu, yaani nyama na tofu, nao aghlabu hukipika kwa sosi ya soya, sukari na pombe ya mchele. Hiyo pombe haina mjadala kwetu, hata ikisemwa kwamba moto huifukuza. Ama sosi yenyewe, ile iliyochachushwa hupata kilevi kidogo katika kuchachuka kwake, na wanavyuoni wana maneno juu ya hilo. Sisi hatutoi fatwa jikoni. Muulizeni sheikh wenu. Kwa upande wetu ukwaju umetutosheleza, na tunaamini unafaa zaidi, kwa sababu ukali wake unaikata nyama ya mafuta na rangi yake ni ile ile ya hudhurungi.

Na wako watakaosema hiki ni chakula cha watu wengine, kisichotuhusu. Tofu asili yake ni China, kweli. Lakini Waislamu wa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko takriban zote duniani, huila kila siku kwa jina la tahu, na wanawake wao huipika pamoja na nyama katika mchuzi mtamu wa viungo wanaouita semur. Chakula hakina kabila. Tukianza kufukuza vya kuja, chapati itaondoka kwanza, na sambusa ifuate.

Kuhusu siha tutasema machache. Soya kavu ina protini zaidi ya thuluthi ya uzito wake, na madini ya chuma pia, ingawa mwili huchukua chuma cha mimea kwa shida. Nyama kidogo ikiwa pamoja nayo, na nyanya, hoho na ndimu, humsaidia mtu kukichukua. Chai kali juu ya chakula humzuia. Kwa wajawazito wetu na wasichana waliobaleghe hili si dogo: subirini saa moja kabla ya birika. Wapo watu ambao soya huwadhuru, wakatoka upele au kuvimba midomo. Mtoto anayeila mara ya kwanza apewe kipande kidogo, aangaliwe.

Machicha msiyatupe. Bado ni mabichi, hivyo ni lazima yapikwe: sisi huyachanganya na kitunguu, dania, pilipili mbichi, yai na unga kidogo wa dengu, tukafanya vidonge na kuvikaanga kama bajia za futari. Mama mkwe alizipenda hizo kuliko tofu yenyewe.

Siku tulipomwandalia chakula hiki kwa mara ya pili, tuliweka sinia katikati, wali upande mmoja na kikaango kizima upande wa pili, nyama juu na tofu ikionekana waziwazi na pembe zake zote. Mzee wa nyumba alivitazama vile vipande vyeupe, akatutazama sisi. Tukamwambia: hii ni tofu, ni soya, nyama ni robo kilo, mwezi umekwisha. Akachukua kipande, akakila, akaomba ndimu. Jioni hiyo hakuna mwanamke aliyesema hana hamu ya nyama, na mtoto wa mwisho alikula tofali tatu.

Mama aliporudi Mombasa alibeba kilo mbili za soya kwenye mkoba wake wa basi. Juzi alitupigia simu kutuarifu kwamba amejaribu mwenyewe, ameacha ukwaju na kutia tui zito la nazi, na kwamba alimpelekea jirani yake bakuli. Jirani akauliza kile cheupe ni nini. Mama akamweleza yote, tangu kulowekwa hadi kugandishwa, akiwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi hata chakula kikaanza kupoa. Jirani alikula, akarudisha bakuli limeoshwa, na kuuliza kama kifumbu chake cha zamani kitafaa au anunue kipya.